Afrika Mashariki na fumbo la maktaba za programu: Nani ajuaye kilichomo ndani ya mifumo ya umma?

Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi katika Afrika Mashariki hazitoi nafasi kubwa ya kusitasita. Nchini Kenya, taasisi ambayo taarifa za watu ilizozihifadhi zimeingiliwa, na pakawa na hatari ya kweli ya madhara kwa wahusika, hutakiwa kumfahamisha Kamishna wa Ulinzi wa Taarifa ndani ya saa 72 tangu ilipobaini tukio hilo. Nchini Rwanda muda huo ni saa 48. Sheria ya Uganda ya mwaka 2019 hutaka mamlaka ijulishwe mara moja.

Saa hizo ni chache kwa taasisi yoyote. Kwa taasisi isiyojua programu zake zimeundwa kwa vipande gani, ni chache kupita kiasi. Kabla ya kueleza nani aliyeingia na kilichochukuliwa ni nini, wasimamizi wa mfumo hulazimika kujibu swali la awali zaidi: je, kipande chenye kasoro kilichotangazwa kimo ndani ya mashine zao au hakimo? Kikiwamo, ni cha toleo lipi, na kimetoka kwa nani?

Kwa kulisikia tu, swali hilo ni la mafundi wa kompyuta. Matukio ya miaka ya karibuni yameonyesha kwamba ni swali la utawala, la mikataba ya manunuzi na la haki ya mwananchi ambaye kumbukumbu zake za matibabu, kodi na fedha zimekabidhiwa mifumo asiyoiona.

Vipande vilivyofungwa

Fundi seremala hafui misumari yake mwenyewe. Huinunua, akaipigilia katika meza yake, na mnunuzi wa meza haulizi misumari ilitoka kiwanda gani. Watengenezaji wa programu nao hufanya kazi kwa namna hiyo. Badala ya kuandika upya kila kitu, huchukua vipande vilivyokwisha kuandikwa na wengine, viitwavyo maktaba. Iko maktaba ya kukokotoa tarehe, iko ya kubana mafaili, iko ya kufunga ujumbe kwa siri, na iko ya kuweka kumbukumbu za kila jambo linalotendeka ndani ya mfumo. Maktaba moja nayo huitegemea nyingine, na hiyo nyingine ikaitegemea ya tatu, hata programu moja ya ofisi ikawa imebeba mamia ya vipande ambavyo mwenye ofisi hajapata kuvisikia.

Ugumu huanza pale maandishi ya mwandishi wa programu, yaani msimbo chanzo, yanapogeuzwa kuwa umbo ambalo kompyuta huweza kulitekeleza. Kinachobaki ni faili lililofungwa, ambalo binadamu hawezi kulisoma kama asomavyo barua. Hali hiyo yafanana na mahindi yaliyokwisha kusagwa: anayeutazama unga hawezi kusema kwa yakini ulitokana na mahindi ya shamba gani, wala iwapo gunia moja la mahindi mabovu lilichanganywa humo. Kinachomsaidia ni maandishi yaliyo juu ya mfuko, ikiwa mfuko una maandishi, na ikiwa maandishi hayo ni ya kweli.

Desemba ya 2021

Funzo kubwa kuliko yote lilikuja mwishoni mwa mwaka 2021. Tarehe 24 Novemba, Chen Zhaojun wa kikosi cha usalama cha Alibaba Cloud nchini China aliwaarifu wasimamizi wa Wakfu wa Programu wa Apache kuhusu kasoro katika Log4j, maktaba ya bure inayotumiwa na programu zilizoandikwa kwa lugha ya Java ili kuweka kumbukumbu za matukio. Ilipofika tarehe 9 na 10 Desemba, habari ilikuwa imeenea duniani kote.

Kasoro hiyo, iliyopewa namba CVE-2021-44228, ilikadiriwa kuwa na ukali wa alama 10 kati ya 10. Mshambuliaji alihitaji tu kutuma mstari mfupi wa maneno mahali popote ambapo mfumo ungeuandika katika kumbukumbu zake, kwa mfano katika sehemu ya jina la mtumiaji. Maktaba ilipousoma mstari huo, iliweza kwenda kuchukua amri kutoka kwenye seva ya mshambuliaji na kuzitekeleza. Matoleo yaliyoathirika yalianzia 2.0 ya majaribio hadi 2.14.1. Kabla mwaka haujaisha, matoleo manne ya marekebisho yalikuwa yametolewa kwa kufuatana, 2.15.0, 2.16.0, 2.17.0 na 2.17.1, kwa kuwa kila lilipozibwa tundu moja palionekana jingine.

Dawa ilipatikana mapema. Kilichokosekana ni hesabu ya wagonjwa. Uchambuzi wa Google wa wakati huo ulionyesha kwamba zaidi ya vifurushi 17,000 katika hazina kuu ya vipande vya Java, karibu 4% ya vyote, vilikuwa vimeathirika. Katika zaidi ya 80% ya vifurushi hivyo, Log4j haikuchukuliwa moja kwa moja na mwandishi, bali iliingia ikiwa imebebwa na maktaba nyingine, iliyobebwa nayo na nyingine. Watu wengi walikuwa wanaitumia bila ya kuwa wameichagua.

Bodi ya Marekani ya kuchunguza usalama wa mtandao, katika ripoti yake ya Julai 2022, ilieleza kwamba idara moja ya ngazi ya uwaziri katika serikali kuu ya nchi hiyo ilitumia saa 33,000 za kazi kushughulikia kasoro hiyo peke yake. Bodi ilihitimisha kwamba Log4j yenye kasoro itaendelea kuwamo katika mifumo kwa muongo mmoja au zaidi. Nchini Ubelgiji, wizara ya ulinzi ilithibitisha Desemba 2021 kwamba mtandao wake ulishambuliwa kwa kupitia tundu hilo.

Kwa nini jina la faili halitoshi

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini mafundi wasitafute tu faili lenye jina la Log4j katika kila kompyuta? Wengi walianza hivyo, na wengi walikosea.

Maktaba za Java husafirishwa katika mafaili ya aina ya JAR, ambayo kwa hakika ni furushi lililobanwa. Ndani yake mna karatasi ya maelezo inayotaja jina la mtoaji, jina la maktaba na namba ya toleo. Kwa Log4j, maelezo kamili husomeka kwamba mtoaji ni org.apache.logging.log4j, kipande ni log4j-core, na toleo ni, tuseme, 2.14.1. Mambo hayo matatu yakiwa pamoja hutosha kuitambua maktaba. Lakini JAR moja huweza kufungwa ndani ya JAR nyingine, na hiyo ndani ya nyingine tena, hata mtafutaji asiyefungua kila furushi akapita mlangoni pa adui bila ya kumwona. Aidha, watengenezaji wengine huyayeyusha maudhui ya maktaba ndani ya programu yao, wakaondoa karatasi ya maelezo kabisa. Hapo jina limepotea, lakini mwili upo.

Namba ya toleo nayo huweza kupotosha kwa pande zote mbili. Katika siku za mwanzo za dharura, wasimamizi wa Log4j waliwashauri wale wasioweza kubadilisha toleo waondoe ndani ya furushi kipande kimoja kidogo kiitwacho JndiLookup, ambacho ndicho kilichokuwa kiini cha hatari. Waliofanya hivyo walibaki na faili ambalo bado lajitambulisha kuwa 2.14.1, ilhali tundu hilo limezibwa. Kadhalika, wasambazaji wakubwa wa mifumo ya Linux, kama Debian na Red Hat, wana desturi ya kuchukua marekebisho ya usalama na kuyatia katika toleo la zamani bila ya kubadilisha namba yake kuu. Anayesoma namba hiyo peke yake atapiga kelele bure. Na yule ambaye faili lake limebandikwa jina jipya atanyamaza pasipostahili kunyamaza.

Katika ulimwengu wa Windows mambo si mepesi zaidi. Maktaba za mfumo wa .NET wa Microsoft, zinazohifadhiwa katika mafaili ya DLL, huwa na utambulisho wa sehemu nne: jina, namba ya toleo, lugha, na alama fupi ya tarakimu na herufi 16 inayotokana na ufunguo wa mtengenezaji. Sehemu hizo nne huonekana kuwa cheti kamili cha kuzaliwa. Hata hivyo, faili lilo hilo huwa pia na namba nyingine ya toleo, ya faili lenyewe, na namba hizo mbili hazilazimiki kulingana.

Mfano unaojulikana sana na mafundi ni Newtonsoft.Json, maktaba ya kusoma na kuandika data ambayo imeenea katika programu nyingi mno za .NET. Matoleo yake 13.0.1, 13.0.2 na 13.0.3 yote hujitambulisha kwa mfumo kwa namba moja tu, 13.0.0.0. Sababu yake ni njema: programu zilizokwisha kujengwa zisivunjike kila linapotoka sasisho dogo. Lakini kasoro moja ya maktaba hiyo ilirekebishwa katika toleo la 13.0.1. Mkaguzi anayetazama utambulisho wa kwanza na kuona 13.0.0.0 atadhani yuko chini ya mstari wa usalama, ilhali namba ya pili ingemwambia kwamba yuko juu yake.

Kwa sababu hizo, wataalamu huegemea alama ya kihesabu iitwayo hashi. Faili lolote likipitishwa katika kanuni ya SHA-256, hutoka mfuatano wa herufi na tarakimu 64. Herufi moja ndani ya faili ikibadilika, mfuatano wote hubadilika. Hashi haijali faili limeitwa nani wala limewekwa wapi. Ni kama alama ya kidole, ambayo haibadiliki mtu akibadilisha jina. Udhaifu wake uko papo hapo penye nguvu yake: faili lililojengwa upya kutokana na msimbo uleule, kwa mashine tofauti, laweza kutoa hashi tofauti, na mkaguzi akaliona kuwa mgeni. Hivyo hakuna kitambulisho kimoja kinachotosha. Jina, toleo, mtoaji, saini na hashi husomwa kwa pamoja, kama afisa wa mpakani asomavyo picha, namba na muhuri wa pasipoti kabla ya kumruhusu msafiri.

Gharama ya kutoona

Kampuni ya Equifax ya Marekani, ambayo hukusanya taarifa za mikopo ya watu, ililipia somo hilo kwa gharama kubwa. Tarehe 7 Machi 2017, Wakfu wa Apache ulitoa marekebisho ya kasoro katika maktaba nyingine ya Java iitwayo Struts. Siku iliyofuata, mamlaka ya serikali ilitoa tahadhari. Tarehe 15 Machi kampuni ilipitisha chombo cha ukaguzi katika mifumo yake kutafuta Struts yenye kasoro. Chombo hicho hakikuona kitu. Struts ilikuwamo, katika tovuti ya kupokea malalamiko ya wateja.

Kuanzia Mei hadi mwishoni mwa Julai, wadukuzi walichota humo taarifa za watu takriban milioni 147. Mwaka 2019 kampuni hiyo ilikubali kulipa hadi dola milioni 700 ili kumaliza madai ya mamlaka na ya wananchi. Tahadhari ilifika, dawa ilikuwapo, na agizo la kurekebisha lilitolewa. Kilichoshindikana ni kulipata faili.

Saini halali, mzigo mbovu

Hata utambulisho ukiwa kamili, hautoshi kuwa hati ya usafi. Desemba 2020, kampuni ya usalama ya FireEye ilibaini kwamba programu ya Orion ya kampuni ya SolarWinds, inayotumiwa kusimamia mitandao, ilikuwa imetiwa sumu. Faili lililobeba sumu lilikuwa DLL ya SolarWinds yenyewe. Jina lilikuwa sahihi. Toleo lilikuwa sahihi. Saini ya kidijitali ya kampuni ilikuwa halali kabisa, kwa sababu wavamizi walikuwa wameingia katika karakana yenyewe na kuchomeka msimbo wao kabla faili halijatiwa saini. Wateja wapatao 18,000 walipakua masasisho hayo, zikiwamo wizara za serikali ya Marekani. Washington ililitupia lawama shirika la ujasusi wa nje la Urusi, Moscow ilikanusha.

Tukio la pili lilitokea Machi 2024. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa wajenzi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kwamba kuingia katika mashine yake kwa mbali kulichukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Alifuatilia, na tarehe 29 Machi akatangaza kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, maktaba ndogo ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa nyuma. Aliyeuweka alitumia jina la Jia Tan, na alikuwa amejenga imani ya msimamizi wa mradi kwa zaidi ya miaka miwili. Jambo la kuzingatia ni kwamba sehemu muhimu ya hila hiyo haikuonekana katika hazina ya wazi ambako kila mtu husoma msimbo. Ilikuwa katika furushi lililotolewa kwa ajili ya kujengea, na ikajiingiza ndani ya maktaba wakati wa ujenzi.

Matukio hayo mawili yanaonyesha mpaka wa utambulisho. Kujua kwa hakika kwamba faili ni la SolarWinds hakukumzuia mvamizi. Lakini baada ya siri kufichuka, taasisi zilizokuwa na orodha ya mafaili yao, matoleo na hashi zake, ziliweza kujua kwa haraka kama zimeathirika. Zisizokuwa nayo zilianza kupekua mashine moja baada ya nyingine.

Orodha ya viambato

Serikali kubwa zimeanza kuugeuza utaratibu huo kuwa sharti. Tarehe 12 Mei 2021, Rais Joe Biden wa Marekani alitia saini amri namba 14028, ambayo pamoja na mengine ilielekeza kwamba wanaoiuzia serikali kuu programu waweze kutoa orodha ya vipande vilivyomo, mithili ya orodha ya viambato iliyo katika pakiti ya chakula. Miundo miwili ya orodha hizo imekwisha kukubalika kimataifa: SPDX, iliyofanywa kuwa kiwango cha ISO mwaka 2021, na CycloneDX.

Umoja wa Ulaya umekwenda mbali zaidi. Kanuni yake kuhusu ustahimilivu wa bidhaa za kidijitali, namba 2024/2847, ilianza kuwa na nguvu tarehe 10 Desemba 2024. Wajibu wa watengenezaji wa kutoa taarifa za kasoro zinazotumiwa na washambuliaji umewekewa tarehe 11 Septemba 2026, na masharti yaliyobaki tarehe 11 Desemba 2027. Miongoni mwa masharti hayo ni kuandaa orodha ya vipande inayosomeka kwa mashine. Faini kwa makosa mazito hufikia euro milioni 15 au 2.5% ya mapato ya mwaka ya kampuni duniani kote.

Kanuni hiyo ina pengo moja. Hutaka orodha itaje angalau maktaba zinazotumiwa moja kwa moja. Mkasa wa Log4j ulitokea zaidi katika zile zisizotumiwa moja kwa moja. Aidha, mtengenezaji hutakiwa kuwa na orodha na kuionyesha kwa mamlaka za ukaguzi zinapoihitaji, lakini halazimishwi kuikabidhi kwa kila mnunuzi.

Kanda inasimama wapi

Nchi za Afrika Mashariki zimejenga huduma za kidijitali kwa kasi ambayo mataifa mengine huitazama kwa mshangao. M-Pesa ilianza nchini Kenya mwaka 2007, na tangu hapo pesa za simu zimekuwa uti wa mgongo wa biashara ndogo. Mwaka 2011 Kenya ilianza kutumia nchi nzima, kwa njia ya mtandao, mfumo wa DHIS2 wa kukusanya takwimu za afya. Mfumo huo, unaoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway na wenye asili yake Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi, hutumiwa pia Uganda, Tanzania na Rwanda, na katika nchi zaidi ya 70 kwa jumla. Umeandikwa kwa Java. OpenMRS, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ambao miongoni mwa mashina yake ya awali ni Eldoret nchini Kenya, nao umeandikwa kwa Java.

Kwa hiyo swali la Desemba 2021 halikuwa la Marekani na Ulaya peke yake. Kila hospitali, kila wilaya na kila wizara yenye programu ya Java ilipaswa kujiuliza swali lile lile. Tofauti ni kwamba mifumo ya wazi kama hiyo miwili ina faida moja kubwa: msimbo wake husomeka na yeyote, na orodha ya maktaba zake huweza kuchapishwa bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Mnunuzi wa programu iliyofungwa hana njia hiyo. Hutegemea neno la muuzaji, na muuzaji huweza kuwa katika bara jingine, au amekwisha kufunga biashara.

Ujenzi wa ndani nao haumalizi tatizo. Tanzania, kwa mfano, imejenga kwa wataalamu wake mfumo wa NeST wa manunuzi ya umma, na hatua hiyo imeiondoa serikali katika utegemezi wa mkandarasi wa nje. Lakini watengenezaji wa programu wa Dar es Salaam, Nairobi, Kampala na Kigali huchukua maktaba zao katika rafu zilezile anakochukua mwenzao wa California. Mtengenezaji aliye karibu ni rahisi kuitwa na kuulizwa. Hata hivyo, ni lazima awe ameandika mahali fulani alichokitumia.

Sheria za kanda zimetangulia katika jambo moja na kubaki nyuma katika jingine. Kenya na Uganda zilipitisha sheria za ulinzi wa taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda mwaka 2021, Tanzania mwaka 2022, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikatangaza kanuni zake za kidijitali Machi 2023. Vyombo vya kupokea taarifa za mashambulizi vipo, kama vile TZ-CERT nchini Tanzania na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao nchini Rwanda. Sheria hizo huzungumza kwa kirefu juu ya taarifa za mtu: nani azikusanye, kwa kusudi gani, na azihifadhi muda gani. Kuhusu vipande vinavyojenga chombo cha kuzihifadhia, huishia katika agizo la jumla la kuchukua hatua za usalama zinazofaa.

Pengo hilo ndilo linaloufanya ukomo wa saa 48 au 72 kuwa mgumu kutimizwa. Sheria humwajibisha mwenye hospitali au benki. Maarifa ya kilichomo ndani ya mfumo yako kwa muuzaji. Pasipo kifungu katika mkataba kinachomlazimu muuzaji kuyatoa, mwenye wajibu hana nyenzo, na mwenye nyenzo hana wajibu.

Hoja za pande mbili

Wapo wanaopinga kutolewa kwa orodha. Hoja yao ya kwanza ni kwamba orodha humpa mshambuliaji ramani. Hoja hiyo ina uzito wake, hasa orodha ikiachwa wazi kwa kila mtu, na ndiyo sababu wengi hupendekeza ikabidhiwe kwa mnunuzi na kwa mamlaka pekee. Hata hivyo, mwenendo wa washambuliaji wa Log4j haukuhitaji ramani. Walituma mistari yao ya hila kwa seva zote walizoweza kuzifikia, wakangoja itakayojibu. Aliyekosa ramani katika siku zile alikuwa mwenye nyumba.

Hoja ya pili ni gharama. Kampuni ndogo za kanda, zenye watu watano au sita, huhofia kwamba sharti jipya litawanufaisha wakubwa walio na idara nzima za sheria. Hofu hiyo haipaswi kupuuzwa, ingawa vyombo vya kuandaa orodha hizo vipo vya bure, kama vile Syft na Trivy, na huweza kuwekwa katika hatua za ujenzi wa programu vikafanya kazi vyenyewe. Gharama iliyo kubwa zaidi ni ya mtu wa kuisoma orodha na kuilinganisha na tahadhari zinazotolewa kila siku. Orodha isiyosomwa haimlindi yeyote.

Hoja ya tatu hutoka kwa mafundi wenyewe, nayo ni nzito: orodha huweza kuwa na makosa. Chombo kinachosoma karatasi ya maelezo tu kitaikosa maktaba iliyoyeyushwa ndani ya nyingine, kama chombo cha Equifax kilivyoikosa Struts. Jibu lao ni kwamba orodha iandaliwe wakati wa ujenzi, pale mtengenezaji anapojua anachokitia, badala ya kubahatishwa baadaye kutokana na faili lililokwisha kufungwa. Kisha kila kipande kiambatane na hashi yake, ili mnunuzi aweze kuhakiki kwamba alichopokea ndicho kilichoorodheshwa.

Kitakachofuata

Kanuni ya Ulaya inazipa nchi za kanda nafasi ambayo hazikuwa nayo. Kampuni zinazouza katika soko la Umoja wa Ulaya zitalazimika kuwa na orodha hizo kwa vyovyote. Wizara ya Nairobi, Dodoma au Kigali inayonunua programu ileile ina haki ya kuuliza kwa nini nakala ya orodha isiwekwe pia katika mkataba wake, ikiambatana na muda maalumu wa muuzaji kujibu pindi kasoro mpya inapotangazwa. Sharti kama hilo halihitaji bunge kupitisha sheria mpya. Huweza kuanza na mamlaka za manunuzi ya umma na fomu zao za zabuni.

Kazi ya pili ni ya ushirikiano. Katika dharura ya Log4j, mamlaka za usalama wa mtandao za Marekani na Uholanzi zilichapisha orodha za wazi za bidhaa zilizoathirika na zile zilizo salama, zikawa zinasasishwa kadiri wauzaji walivyojibu. Taasisi za kanda ziliweza kuzisoma, lakini bidhaa za watengenezaji wadogo wa Afrika Mashariki ni vigumu kuonekana katika orodha zinazoandaliwa Washington au The Hague. Orodha ya pamoja ya kanda, inayosimamiwa na vikosi vya dharura vya nchi wanachama, ingeziba nafasi hiyo, kwa sababu benki ya Kampala na shirika la maji la Mombasa huweza kuwa zinatumia programu moja ya muuzaji mmoja bila ya kujuana.

Ripoti ya Marekani ya mwaka 2022 ilisema Log4j yenye kasoro itabaki duniani kwa muongo mmoja au zaidi, na muongo huo bado haujaisha. Taasisi ya umma inaweza kujipima leo bila ya kungoja tukio jipya: iwaulize mafundi wake na wauzaji wake kama log4j-core ya chini ya 2.17.1 imo katika mfumo wowote, ndani ya furushi lolote, kisha ihesabu saa zitakazopita hadi jibu lenye uthibitisho lifike mezani. Ikiwa saa hizo ni zaidi ya zile zilizowekwa na sheria ya nchi, taasisi hiyo imekwisha kujua mahali pa kuanzia kazi.